Mafundi wa "betri imekufa", mita mnaiogopea nini?

Wakuu, leo naomba niseme maana nimechoka. Pikipiki ikigoma kuwaka, fundi hata hajainama keshatoa hukumu: "Betri imekufa, lete nyingine." Unaleta. Anafunga, stata inazungusha injini fresh kabisa, anachukua chake, mnaagana. Muda si mrefu honi inakoroma, indiketa hazipepesi, ukibonyeza stata unasikia tik-tik-tik basi. Ukirudi kulalamika: "Aah, betri za siku hizi feki hizi."

Feki ipi? Betri ya volti 12 ikijaa na kupumzika inasoma kama 12.6 hadi 12.8. Hiyo "feki" nimeipima mwenyewe kwa mita ya umeme: 11.9. Nikaichaji nje kwa chaja, ikajaa, na mpaka kesho yake haikushuka. Betri nzima hiyo! Ilikuwa hailishwi tu.

Nikairudisha, nikashtua injini, mita ikiwa kwenye vichwa vya betri. Ukivuta resi, namba inatakiwa ipande ifike 13.5 hadi 14.5 hivi. Yangu haikupanda hata kidogo, na nilipowasha taa kubwa ikaanza kushuka. Hapo hata asiye fundi anajua chaji haifiki. Nikaufuata waya mwekundu unaotoka kwenye rektifaya (kile kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri), nikafungua soketi yake: plastiki imeyeyuka na kuwa kahawia, pini nyeusi tii, ukiigusa inamung'unyuka. Soketi yenyewe iko chini ya siti, pale pale fundi alipokuwa anaingiza mkono kufunga betri mpya. Hakuona?

Na namna alivyoifunga sasa! Kaanza kulegeza chanya huku hasi bado imefungwa, spana ikagusa fremu, cheche hizo. Jamani, kufungua unaanza hasi, kufunga unamalizia hasi. Hili nalo linahitaji cheti? Kuna mwingine alishawahi kugeuza waya za betri, fyuzi kubwa ikakatika, akaifunga uzi wa shaba "ili usisumbuke". Fyuzi imekatika kuniokoa, wewe unaiziba mdomo! Kosa kama lile la kugeuza waya linaua diodi za rektifaya, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu, halafu wiki ijayo utaambiwa tena ni betri.

Wengine wenu chaji iko sawa ila pikipiki ikilala betri inaamka imekwisha. Zima swichi, toa waya wa hasi, weka mita upande wa ampea kati ya waya huo na betri. Kikipita zaidi ya miliampea chache, kuna kitu kinanyonya. Alamu ya kubandika ndiyo ya kwanza kuishuku. Ila msibonyeze stata mita ikiwa hapo, mtaichoma.

Yangu nimeikata ile soketi, nimelehemu waya moja kwa moja na kuuvika mpira wa joto, ule unaonywea ukipashwa moto. Sasa resi ikivutwa inasoma 14.2, na taa zimewaka. Rektifaya ndiyo inachemka mpaka mkono hauvumilii. Waliowahi kuibadilisha, hilo joto ni la kawaida au ndiyo iliyounguza pini? Na tafadhali, atakayejibu "badilisha betri" asipoteze bando lake.