Mjadala: Mgeni hupewa kibali cha kazi ili aturithishe ujuzi. Nani anakagua kama ameurithisha?

Wakuu, habari za majukumu.

Tangu serikali itoe lile katazo la Julai 2025 la wageni kufanya biashara 15, kama kuuza rejareja na ufundi simu, kila kijiwe hapa Dar kina hoja yake. Wapo wanaosema limechelewa, wapo wanaosema litatugombanisha na majirani. Mimi naliunga mkono. Lakini kuna karatasi moja ambayo hatuisemi kabisa, na naijua kwa sababu jina langu liliwahi kuandikwa juu yake bila mimi kujua.

Nilifanya kazi miaka minne kwenye kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, tunatengeneza ndoo na mabeseni ya plastiki. Mashine zilikuwa sita. Kila moja ina skrini ndogo ubavuni: hapo unapanga joto, presha, na sekunde ambazo plastiki inakaa ndani ya moldi kabla haijafunguka. Joto likizidi kidogo tu, ndoo inatoka na mdomo uliopinda. Likipungua, moldi haijai, unapata ndoo yenye tundu. Kazi yetu sisi ilikuwa kumwaga punje za plastiki juu, kupokea ndoo chini na kukata masalia kwa kisu. Skrini hatukuruhusiwa kuigusa. Ilikuwa na namba ya siri, na aliyekuwa nayo ni fundi mmoja wa kigeni. Akitaka kuiandika alikuwa anasimama katikati yako na skrini, kama mtu anayetoa hela kwenye mashine ya benki huku foleni ikimpumulia mgongoni. Mashine ikigoma saa nane usiku, tulikaa juu ya viroba mpaka aamshwe.

Siku moja dada wa ofisini akaniita nisaini fomu. Nikaona jina langu, cheo "msaidizi wa fundi mkuu", na chini yake orodha ya mambo niliyofundishwa kwa miezi 20: kupanga joto, kubadilisha moldi, kutafuta hitilafu. Nikamuuliza, dada, haya nimefundishwa lini? Akanijibu kwa upole tu: "Kaka, ni ya kibali cha fundi, kinakaribia kuisha. Saini, haina shida." Nikasaini. Nilikuwa na mtoto wa miezi mitatu na mkataba wa miezi sita sita.

Baadaye sana ndipo nikaelewa ile fomu ilikuwa ya nini. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri anayeleta mgeni awe na mpango wa kurithisha ujuzi: Mtanzania yupi atafundishwa ili mgeni akiondoka kazi isisimame. Kibali cha kazi anatoa Kamishna wa Kazi, miezi 24, kinahuishwa, na jumla yake ina ukomo (mwekezaji ana nafasi ya kukaa zaidi). Mgeni akishapata kibali cha kazi, Uhamiaji wanampa kibali cha ukaazi, daraja A kwa mwekezaji, daraja B kwa mwajiriwa. Maana yake muda wote wa kibali cha kazi ni muda wa darasa. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa darasa ambalo halikuwahi kufunguliwa, na kwenye makaratasi nilikuwa nimefaulu.

Upande wa viza ya biashara nako tuangalie. Ile ya dola 250, siku 90, ni kwa shughuli za muda: kufunga au kutengeneza mashine, mafunzo mafupi, mazungumzo ya biashara. Inafaa, sina ugomvi nayo. Ila pale kiwandani niliwaona watu waliokuja "kufunga mashine" wakasimamia shifti mpaka siku ya 88, wakapanda ndege, baada ya wiki mbili wamerudi na begi lilelile. Mashine ilishafungwa zamani.

Nisieleweke vibaya. Nilipotoka pale nilipata kazi kwenye karakana moja Vingunguti, na aliyenifundisha kuchonga vyuma kwa mashine ya kereza ni mgeni pia. Yule mzee alikuwa ananishika mkono kabisa: "Sikiliza sauti, usiangalie chuma." Leo nalisha familia kwa alichonipa. Kwa hiyo sitaki wageni wafukuzwe. Nataka mwajiri anapokwenda kuhuisha kibali, yule Mtanzania aliyeandikwa aitwe, asimamishwe mbele ya mashine, aambiwe: washa, badilisha moldi, tengeneza hitilafu hii. Chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe kina wakufunzi wanaoweza kufanya jaribio hilo asubuhi moja. Akishindwa, mwajiri aeleze miezi 24 ilikwenda wapi. Hapo hata fundi mwenyewe ataitoa ile namba ya siri, kwa sababu kibali chake kitategemea mikono yangu.

Swali langu kwenu: tuongeze orodha ya makatazo, au tukague hiki ambacho sheria ilishakisema toka 2015?

Wa Kariakoo, Mtaa wa Likoma

Mleta mada, nimekusoma kwa heshima, ila kiwanda si Kariakoo. Huku hakuna ujuzi wa kurithisha. Kuuza chaja na kava za simu rejareja, utanirithisha nini ambacho sikijui? Mgeni aliingia kama mwekezaji au mtalii, kesho umemkuta kwenye fremu ya duka anapima bei na machinga.

Na tuseme ukweli, hakuingia peke yake. Leseni ina jina la Mtanzania, TIN (namba ya mlipakodi) ina jina la Mtanzania, jioni anayehesabu mauzo ni mwingine. Fremu niliyokuwa nalipia miezi sita sita, alikuja mtu akaweka kodi ya miaka miwili kwa mkupuo, mwenye nyumba akanipa notisi. Aliyesaini ule mkataba ni kijana wa Mbagala ambaye hajawahi hata kununua mzigo.

Ndiyo maana mimi kipengele ninachokipenda kwenye lile katazo si ile faini ya mgeni ya kuanzia milioni 10 na kufutiwa viza na ukaazi. Ni ile ya kwetu: Mtanzania anayemsaidia mgeni, faini milioni 5 au jela miezi mitatu. Huyo anayekodisha jina lake ndiye mlango. Mkaguzi wako wa VETA kwangu hana cha kukagua.

Afisa rasilimali watu, Mikocheni

Nafanya kazi kama ya yule dada, kwa hiyo nimeumia kidogo kusoma, lakini umesema kweli. Mpango wa urithishaji maofisi mengi unanakiliwa kutoka kwenye maombi ya mwaka juzi, unabadilishwa majina.

Ila nawe usikie upande wa mwajiri. Tulimfundisha kijana mmoja miezi 14, akapelekwa hadi nje kwenye kiwanda kilichotengeneza mashine. Aliporudi alikaa wiki sita, kampuni ya jirani ikamwongezea mshahara mara mbili, akaenda. Bosi akaniambia, dada, mara nyingine weka jina tu. Haikuwa sahihi, lakini sikuwa na la kumjibu. Ukaguzi wa kwenye mashine nauunga mkono, niambie tu huyo aliyefaulu atabaki vipi.

Lingine, msiwaweke wageni wote kapu moja. Sheria yenyewe imewatofautisha: madaktari na walimu wa sayansi na hesabu wana daraja lao la kibali, kwa sababu tunawahitaji. Mwalimu wa fizikia hatumii miezi 24 kumrithisha mtu fizikia.

Niliyeishi Nairobi miaka saba

Wakuu, mimi nina wasiwasi mmoja. Kwenye lile katazo, mgeni ni asiye raia, basi. Mkenya na Mganda wamo. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza kutumika Julai 2010 na sisi tulisaini. Kenya, Uganda na Rwanda walishakubaliana kuondoleana ada za kibali cha kazi, sisi tumebaki pembeni.

Nimeuza mchele wa Mbeya Nairobi. Hakuna aliyeniuliza mrithi wangu ni nani. Lakini lile katazo lilipotangazwa, jirani yangu wa sokoni, mama mmoja wa Kikamba, aliniuliza: "Na nyinyi mkifukuzwa hapa, mtasema tumewaonea?" Wakala wa pesa kwa simu, fundi simu, kutoa mizigo bandarini: hizo ni kazi ambazo vijana wao wanazifanya huku na wetu wanazifanya huko. Tungewatenga wa Afrika Mashariki kwenye lile katazo, hata kwa kipindi.

Mleta mada

Nimewasoma wote, asanteni.

Ndugu wa Likoma, umenirekebisha. Nilitazama kwa jicho la kiwandani. Dukani hakuna cha kurithisha, na hapo katazo ndilo jibu. Ila hata huko naona tunafanana: kijana wa Mbagala alikodisha jina, mimi nililitoa bure. Karatasi zote mbili zilipita kwa sababu hakuna aliyekuja kumuuliza mwenye jina.

Wa Nairobi, hilo la majirani linanigusa, na sina haraka ya kukupinga. Nadhani kwenye kuuza na kununua tungeweza kuelewana na Mkenya kwa mazungumzo. Kwenye viwanda nitabaki palepale: awe Mkenya, Mhindi au Mchina, akiletwa kwa ajili ya ujuzi, aufundishe.

Dada wa Mikocheni, swali lako ndilo limenikalisha usiku. Kijana wenu aliondoka kwa sababu alipofuzu mashine alibaki na mshahara wa mbeba ndoo, au siyo? Andikeni kwenye mkataba kabla hajaanza: utafundishwa, ukifaulu jaribio mshahara unapanda kwa kiasi hiki, na utakaa miaka miwili, ukiondoka mapema unarudisha gharama. Mtu anayeona cheo mbele yake hakimbilii kwa jirani kirahisi. Mimi siku ile ofisini, kama ile fomu ingekuwa ya namna hiyo, ningesaini hata ya miaka mitano, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi ningekuwa nimesimama mbele ya skrini nasubiri namba.