Naomba ushauri: mdahalo kuhusu wanawake katika Ubuddha na Uhindu

Habari zenu wadau. Niko Kisumu, nasimamia klabu ya mdahalo shuleni. Mada tuliyopewa: Ubuddha ulimkomboa mwanamke aliyekandamizwa na Uhindu. Mimi naona imeegemea upande mmoja mno.

Ni kweli Buddha alikubali watawa wa kike, wa kwanza akiwa Mahapajapati, dada wa mama yake, ndiye aliyemlea. Lakini mapokeo yanasema aliwekewa masharti manane, na mojawapo ni kwamba mtawa wa kike, hata akiwa na miaka 100 utawani, amwinamie mwanamume aliyeingia leo. Leo hii! Kwa Wahindu nako, sheria za Manu, kitabu chao cha kale, zinamweka mwanamke chini ya baba, kisha mume, kisha wana. Ila Upanishadi, maandiko mengine ya kale ya Kihindu, zinamwonyesha mwanamke Gargi akimhoji mwenye hekima Yajnavalkya mbele ya wasomi, na mungu wa kike Durga anaabudiwa hadi leo (wanafunzi wangu hawakuamini).

Sasa niombe mada ibadilishwe, au niwaache vijana wapambane nayo? Na je, ni adabu kwenda hekaluni hapa mjini kuwauliza kina mama wa Kihindu wenyewe? Aliyewahi kwenda anielekeze, tafadhali.