Madalali wa "viza ya ndoa" Malindi, mnatuharibia mafaili

Jamani, hapa pameoza na lazima pasemwe. Uzi huu ni wa wale wanaokaa na kompyuta moja saiba wakajiita wataalamu wa uhamiaji wa Marekani, na ni wenu pia nyinyi mnaowapelekea pesa. Faili la mke au mume likigonga mwamba Nairobi, mji mzima husema ubalozi umekataa. Mara nyingi ubalozi umekikuta kitu kilichoharibika hapa hapa Malindi, au Lamu, siku ya nikahi au siku ya talaka, miaka kabla ya fomu yoyote kujazwa.

Fomu ni bure, hilo lijulikane kwanza. I-130, ambayo raia wa Marekani humdhamini nayo mwenzi wake apate ukaazi wa kudumu, iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao. Kinacholipwa ni ada ya kuipokea, na viwango vilivyoanza Aprili 2024 ni dola 625 kwa anayetuma mtandaoni na 675 kwa anayetuma karatasi. Anayekuuzia "fomu" anakuibia.

Sasa talaka, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumizwa zaidi. Mwanamke ameachwa. Mume ameandika karatasi, mashahidi wawili wametia sahihi, mke amekaa eda yake ikaisha, akaolewa na mwanamume mwingine. Kidini hana neno. Lakini ile karatasi haikufika mahakama ya Kadhi. Afisa anayesoma I-130 anauliza: ndoa ya kwanza ilivunjika lini, na hati iko wapi? Analetewa ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, mistari ya buluu, sahihi mbili zisizo na jina kamili wala nambari ya kitambulisho. Kwake yeye ndoa ya kwanza bado ipo, na ikiwa ipo, ya pili haijawahi kuwepo. Hapo picha mia tano za pamoja na simu za kila usiku hazifai kitu.

Na dalali hufanya nini? Humwambia mama wa watu aandike kwamba hajawahi kuolewa. Huu ni unyama. Fomu inataka ndoa zote za awali za pande zote mbili. Uongo kwenye jambo zito namna hii unaweza kumfungia mtu mlango wa Marekani maisha yake yote. Njia iliyobaki ni kuomba msamaha kwa fomu I-601, na huko lazima ithibitishwe kwamba mwenzi aliye raia atapata dhiki kubwa mno msamaha ukikosekana. Dalali wakati huo ameshabadilisha laini ya simu.

Kilichotakiwa ni kwenda kwa Kadhi, Malindi au Lamu, na ile karatasi na wale mashahidi, kuomba talaka ithibitishwe na hati itolewe. Hakikisheni hati inataja tarehe talaka yenyewe ilipopita. Ikionyesha tu siku mliyofika mahakamani, na nikahi ya pili ilikwisha fungwa kabla ya siku hiyo, mmerudi pale pale, na huenda ikabidi ndoa ifungwe upya na I-130 ianze na cheti kipya. Fanyeni haya kabla ya kulipa hata senti ya ada, kwa sababu ada hairudi.

Wenye wake wawili nao wanadanganywa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu ya mke zaidi ya mmoja. Marekani, kwa mambo ya uhamiaji, inatambua ile ya kwanza peke yake. Mke wa pili hadhaminiki, na kumwacha wa kwanza baadaye hakuihuishi ndoa ya pili. Itabidi ifungwe tena baada ya talaka kukamilika kisheria.

Kuhusu cheti: karatasi ya msikiti si cheti cha ndoa. Anayeozesha awe Kadhi, au sheikh au imamu aliyeidhinishwa na msajili, na mtoke na cheti cha serikali chenye nambari. Kama mmoja wenu si Mwislamu, Katiba kifungu cha 170 inaipa mahakama ya Kadhi mamlaka pale tu pande zote ni Waislamu, kwa hiyo njia yenu ni ndoa ya serikali kwa msajili, na notisi yake ni siku 21. Mgeni anayekuja likizo ya wiki mbili hizo siku 21 humkata miguu, kwa hiyo ulizeni mapema.

Halafu kuna hili la "viza ya uchumba" ambalo madalali hulisifu kwamba ni njia ya mkato. Viza hiyo, K-1, ni ya watu ambao hawajaoana: lazima wawe wamekutana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya kuomba, na wakifika kule waoane ndani ya siku 90. Familia zetu haziruhusu binti kutembea na mwanamume bila nikahi, na ni haki yao. Kwa hiyo nikahi hufungwa kimya kimya nyumbani, kisha yule yule dalali anapeleka maombi ya uchumba! Katikati ya picha alizoambatanisha kuna moja: bwana harusi ameshikana mkono na walii wa binti, sheikh amekaa kati yao. Afisa ana haja gani ya ushahidi mwingine? Mkishafunga nikahi nyinyi ni mke na mume, harusi ya ukumbini iwepo isiwepo. Peleka I-130. Isitoshe, K-1 inagharimu zaidi, maana ukishaoana kule unalipa tena kuomba ukaazi, dola 1,440 kwa kiwango cha 2024.

Majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatma, kitambulisho Fatuma, cheti cha ndoa kimeongeza binti Athman, pasipoti inasema Othman. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Mfumo wao haujui. Rekebisheni cheti cha kuzaliwa au fanyeni hati ya kubadili jina kabla ya kuomba pasipoti. Dalali akisema "wataelewa", ondoka.

Cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ni shilingi 1,050 kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, halafu alama za vidole. Ila wasichosema ni kwamba aliyeishi nchi nyingine mwaka mmoja au zaidi tangu alipotimiza miaka 16 anatakiwa kuleta cheti cha polisi cha huko pia. Pwani hii imejaa watu waliofanya kazi Saudia, Qatar na Dubai. Kukifuata ukiwa Malindi, mkataba umeisha zamani na kibali cha ukaazi hakipo, ni mateso. Kama ndugu yako bado yuko huko na ana mchumba Mmarekani, mwambie aulize taratibu za cheti hicho kabla ya kurudi.

Jambo la pesa na makao ndilo linalowaangusha wale Wamarekani wazee waliohamia Malindi. Mdhamini hutia sahihi fomu I-864, ahadi ya kumtunza mwenzi wake, kwamba kipato chake ni angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha kwao. Kwa nyumba ya watu wawili mwaka 2025 ilikuwa dola 26,437. Pensheni inahesabiwa. Akipungukiwa, mali inayoweza kugeuzwa fedha ndani ya mwaka mmoja inafaa, lakini kwa mwenzi wa raia lazima iwe mara tatu ya pengo: pengo la 5,000, mali ya 15,000. Tatizo lenyewe ni makao. Mdhamini anatakiwa awe mkaazi wa Marekani, au aonyeshe hatua za kweli za kurudi kuishi huko: nyumba ya kupanga, akaunti ya benki, kazi, leseni ya udereva. Mdhamini mwenza, yaani mtu mwingine anayeongeza kipato chake, hazibi pengo hili, kwani mume mwenyewe asipokuwa na makao huko faili halisogei. Na mkumbuke talaka haiifuti I-864. Inamfunga mpaka mwenzi awe raia, au ahesabiwe robo 40 za kazi (robo mwaka, yaani kama miaka 10), au aondoke Marekani moja kwa moja, au mmoja wao afariki.

Wizi wa mwisho, na huu unanichoma: barua pepe iliyoandikwa kwenye faili ni ya dalali. Nambari ya kesi inayoanza na NRB anayo yeye, ankara anazo yeye, nenosiri analo yeye. Ukigombana naye hujui faili liko wapi, na usipowasiliana na kituo chao cha viza mwaka mzima kesi inaweza kufutwa. Tumieni barua pepe yenu. Hata kama mjukuu ndiye atakayeisoma.

NYONGEZA: Mmeuliza kuhusu vipimo vya afya vya viza. Hufanyika Nairobi kwa madaktari walioteuliwa na ubalozi peke yao, hivyo cheti cha hospitali ya hapa ni hasara tupu. Msipime kabla ya kupata tarehe ya mahojiano, kwa kuwa majibu yana muda wake na viza hukatwa kufuata muda huo. Ila msiache mpaka siku ya mwisho pia: picha ya kifua ikitia shaka ya kifua kikuu, makohozi huoteshwa maabara wiki 8. Wa Lamu, mnaovuka Mokowe kwanza ndipo mpande basi, pangeni safari moja ya vipimo na mahojiano yenye siku za kutosha katikati, na kadi ya chanjo mwende nayo.