Neno "tanga": ni moja, au ni mengi yaliyokutana?

Mkazi wa Chumbageni, Tanga

Waungwana, salaam. Wiki iliyopita nilimpeleka mgeni wa Kijerumani Sahare kuangalia vyombo vikiingia, na kila tulipopita kibao chenye jina la mji wetu alikuwa akitabasamu peke yake, hata nikashindwa kuvumilia nikamwuliza kulikoni. Akanieleza, kwa adabu na kwa haya kidogo, kwamba kwao "Tanga" ni chupi ndogo ya kike, ile ambayo kitambaa chake kimepunguzwa mpaka karibu ibaki kamba tupu. Nilicheka, lakini jambo lenyewe halikunitoka akilini.

Tulipofika ufukoni tulimkuta mjomba wangu, ambaye ni nahodha tangu ujana wake, amepakata tanga la merikani lililochanika na sindano iko mkononi. Yeye anashikilia kwamba mji uliitwa hivyo kwa sababu ya matanga yaliyokuwa yakionekana bandarini tangu zamani. Jirani yetu anasema jina ni la Kiajemi. Shuleni tuliambiwa kwamba Tanganyika ni tanga na nyika. Tena tukifiwa, tunakaa matanga. Naomba wenye ujuzi wanisaidie: je, haya yote ni neno moja lililosafiri, au ni maneno mbalimbali yaliyovaa kanzu ya namna moja?

Msomaji wa Bagamoyo

Ndugu yangu wa Chumbageni, si neno moja. Neno la silabi mbili, lenye irabu ile ile mara mbili, ni rahisi mno kuzuka katika lugha ambazo hazijawahi kukutana. Katika Kitagalogi cha Ufilipino, *tanga* yenye mkazo mwishoni ni mtu mjinga, na sidhani kama yupo mtu wa Tanga atakayedai undugu hapo. Kwa hiyo mimi huwa sianzi na kufanana kwa sauti. Huuliza kwanza neno lilipita njia gani, nani alilibeba, na lilikuwa na maana gani siku lilipopandishwa chomboni.

Neno la mgeni wako njia yake inajulikana. Katika Kimbundu cha Angola, *ntanga* ni kitambaa cha kujifunga kiunoni. Wareno walilichukua, likavuka Atlantiki pamoja na biashara ya watumwa hadi Brazili, na katika miaka ya 1970 likawa jina la vazi la kuogelea lililovuma katika fukwe za Rio de Janeiro, ndipo likaingia Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Mjerumani wako, basi, alikuwa akichekea neno la Kibantu, lililozaliwa upande wa pili wa bara letu hili hili, na inaelekea yeye mwenyewe hakuwa na habari.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba Wareno walikuwa na *tanga* ya pili. Katika koloni lao la Goa, tanga ilikuwa sarafu, na tanga 16 zilifanya rupia moja. Asili yake ni *tanka* ya Kisanskriti. Masultani wa Delhi walipiga sarafu ya fedha yenye jina hilo katika karne ya 13, na uzao wake ungali hai: kuna taka ya Bangladesh, na wapo wanaoitaja katika ukoo huo tenge ya Kazakhstan, iliyoanza kutumika mwaka 1993, na hata neno la Warusi la fedha, *dengi*, kwa kupitia lugha za Kituruki. Baharia wa Lisbon aliweza kuwa na tanga mfukoni na tanga kiunoni, tahajia moja, hii imetoka Bahari ya Hindi na ile Atlantiki, wala hazina undugu hata chembe. Ikiwa ndani ya lugha moja tu mambo yako hivyo, sioni tunapata wapi ujasiri wa kuziunganisha lugha kumi kwa kusikiliza tu.

Linganisha na neno ambalo nasaba yake haina shaka, yaani *hela*. Wajerumani walikuwa wakigawa rupia yao ya huku katika pesa 64, na mwaka 1904 wakabadilisha, rupia moja ikawa heller 100. Heller nayo ilikuwa imepata jina lake kutoka mji wa Hall, huko Ujerumani. Heller ilikufa, Wajerumani waliondoka, na sisi hela tunaihangaikia mpaka leo. Hapo mbebaji yupo, njia ipo na mwaka upo.

Kuhusu Kiajemi, ni kweli kwamba *tang* ni "embamba", na pia ni korongo lililobanwa na milima. Mtu akitazama ghuba yenu na Kisiwa cha Toten kilichokaa ndani yake, anaweza kusema maelezo hayo yanakaa vizuri. Yanakaa vizuri, naam, lakini hilo peke yake si ushahidi. Sisi wa Bagamoyo tumelijua jambo hili kwa kuumia: wapo wanaosema mpagazi alipofika pwani alitua mzigo na *kubwaga moyo* akapumzika, na wapo wanaosema mtumwa aliubwaga moyo wake hapa kabla ya kupandishwa chombo asirudi tena. Jina ni moja, maana zinapingana kama mchana na usiku, na kila msimulizi yuko tayari kuapa.

Mwalimu mstaafu, Muheza

Nampongeza ndugu wa Bagamoyo, isipokuwa amekwenda mbali sana baharini akaliacha bara nyuma. Hata miongoni mwa lugha za Kibantu zenyewe, ambazo ni ndugu kweli, umbo hili linadanganya. Sisi tukisema *kutanga* tunamaanisha kuzurura, na ndiko inakotoka *kutangatanga*. Mshona wa Zimbabwe akisema *kutanga* anamaanisha kuanza. Mtu wa Kinshasa akisema *kotanga* kwa Kilingala anamaanisha kusoma. Huwezi kuchukua vitenzi hivi vitatu ukatunga hadithi kwamba mzururaji alianza kusoma, ingawa nimewahi kusoma makala zilizojengwa kwa ufundi usiozidi huo.

Jambo ambalo watu husahau ni toni. Kizulu kina *ithanga* yenye maana ya boga na *ithanga* yenye maana ya paja. Ukiyaandika yanakuwa sawasawa, lakini Mzulu akitamka hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu sauti hupanda na kushuka mahali tofauti. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni, hivyo sisi tunapoyasoma maneno ya jirani zetu kwenye karatasi tunaona mapacha pasipo na mapacha.

Sasa nije kwenye matanga ya msiba. Nimesikia maelezo kwamba zamani wafiwa walitandika matanga ya jahazi ili watu wakae, ndipo jina likabaki. Ni maelezo mazuri, na mimi siyakubali. Kwanza, matanga ya msiba hayana umoja: hakuna anayesema amekaa "tanga moja" la shangazi yake. Pili, tazama vitenzi. Tanga la chombo hutwekwa na kutuliwa. Matanga ya msiba watu huyakaa, kisha huyaondoa au huyavunja. Tatu, na hili ndilo zito, Kilingala nacho kinaita mkesha wa msiba *matanga*, huko kwenye misitu na mito ambako hakuna jahazi wala foromali, ule mti unaofungiwa tanga. Neno linalofahamika kwa maana ile ile kutoka pwani hii hadi Mto Kongo halihitaji tanga la mtu wa Sahare ili lielezeke.

Mpenda ramani, Pangani

Niongeze moja kuhusu Tanganyika, kwa ufupi. Wanaoliunganisha jina hilo na mji wa Tanga hutazama ramani ya baadaye. Burton na Speke, wale wapelelezi wa Kiingereza, waliondoka pwani ya Bagamoyo mwaka 1857, wakafika Ujiji mwaka 1858, na walilikuta ziwa linaitwa Tanganyika tayari, takriban kilomita 1,000 kutoka Tanga. Burton mwenyewe aliambiwa kwamba maana yake ni kukutana au kuchanganyika, jambo linalotukumbusha *kutangamana* na *kutanganya* kuliko kitambaa cha kushikia upepo. Waingereza ndio waliolitwaa jina la ziwa wakaipa nchi nzima mwaka 1920. "Tanga na nyika" ni tafsiri iliyokuja nyuma ya jina, kwa watu waliokwisha kuliona limeandikwa.

Mkazi wa Chumbageni, Tanga

Nawashukuru nyote, na mwalimu namwamkia shikamoo. Nilimsomea mjomba majibu yenu. Ya Waajemi aliyapuuza, ya Tanganyika aliyasikiliza kimya, lakini hoja ya kutweka na kukaa ilimpendeza, akasema kwamba mtu wa bara amefikiri kama mtu wa chomboni. Kuhusu jina la mji hakurudi nyuma hata hatua moja.

Mgeni naye nilimweleza safari ya neno lake, kutoka Angola hadi Rio na kutoka Rio hadi kwao. Alistaajabu, maana siku zote alidhani ni neno la Kibrazili. Kisha akaelekeza kidole kwenye jahazi lililokuwa likitoka bandarini, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha wiki mbili kama chombo kile nacho kimevaa tanga. Nikamwambia hapana, kimetweka.