Makato yanamaliza faida ya makapu yangu

Mama Ukili: Jamani, nauza makapu ya ukili kwenye soko la mtandaoni. Kapu moja 35,000, kamisheni 12%, yaani 4,200. Hiyo sawa. Sasa mteja wa Mbezi kakataa kupokea, nimekatwa na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, 6,000. Kapu lenyewe limerudi mkono umeng'oka! Nyie mnafanyaje?

Fundi Kobazi: Pole dada. Mimi habari za kulipwa mzigo ukifika nilishakoma. Nauli itumwe kwanza, la sivyo kobazi hazitoki.

Bi Mdogo: Na hela usiitoe kwa wakala kila siku, makato yanakula. Mimi natoa Ijumaa tu, kwa mkupuo.

Mama Ukili: Wakigoma nauli je?

Fundi Kobazi: Wawili watatu watagoma. Ila piga picha kapu kabla hujalifunga, uwadai wenye soko huo mkono uliong'oka.