Kuanza chuo cha udaktari mkiwa mmeoana: tujiandae kwa mwaka upi?

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Mimi na mume wangu tunaishi Marekani kwa mwaka wa tano sasa, sote tukiwa wakaazi wa kudumu, na Agosti ninatarajia kuanza chuo cha udaktari katika jimbo jingine. Mume wangu atahama nami na kutafuta kazi huko. Ninawaomba waliotangulia watueleze tufanye nini katika miezi hii minne iliyobaki, kwa maana kila tunayemwuliza anatuambia tu kwamba tutavumilia, na uvumilivu hauandikiki kwenye kalenda.

Jibu la 1

Dada, hongera sana, na umfikishie shemeji salamu zangu.

Niko mwaka wa nne na nilioa mwaka mmoja kabla ya kuanza, kwa hiyo nitaeleza zaidi pale tulipokosea. Tulijiandaa kwa ajili ya mwaka wa kwanza, tukapanga nyumba hatua chache kutoka madarasani na kuwaaga jamaa kana kwamba tunaingia jandoni. Kumbe mihadhara mingi ilirekodiwa, nikawa ninasomea nyumbani kwenye meza ileile anayoitumia mke wangu. Hata mtihani wa USMLE Step 1, yaani hatua ya kwanza ya mtihani wa leseni ya udaktari Marekani, ambao tangu Januari 2022 matokeo yake ni kufaulu au kufeli tu, ulitubana kwa wiki ambazo tulizijua mapema.

Mwaka wa tatu ndio uliotupima. Hapo mwanafunzi anazungushwa kwenye rotesheni, yaani vipindi vya mafunzo wodini, za upasuaji, watoto, uzazi, magonjwa ya ndani, afya ya akili na nyinginezo, na saa zake zinapangwa na hospitali. Wakati wa upasuaji nilikuwa ninaamka saa kumi alfajiri ili niwapitie wagonjwa kabla daktari hajafika wodini, ilhali mke wangu alikuwa anarudi kutoka zamu yake karibu saa sita usiku. Tulikuwa tukizungumza kwa karatasi iliyobandikwa kwenye jokofu. Siku moja aliandika, "Kodi imelipwa?" Nikajibu chini yake, "Ipi?" kwa sababu ilikuwa Aprili na nilidhani anauliza kodi ya serikali, naye alimaanisha ya nyumba. Swali hilo lilikaa pale siku nne, na ya nyumba ikachelewa.

Kwa hiyo, kabla hamjatia saini mkataba wa nyumba, kiandikieni chuo kiwape orodha ya hospitali zote ambako wanafunzi wa mwaka wa tatu hupelekwa, kwa kuwa baadhi zinaweza kuwa mwendo wa saa nzima kwa gari. Nyumba ichaguliwe kwa kuzitazama hizo pamoja na kazi ya shemeji, na mjue mapema kama gari moja litatosha. Akipata kazi yenye saa zisizobadilika, hata kwa mshahara mdogo kidogo, mimi ningeipendelea, kwa sababu mmoja wenu akiwa hana ratiba ni heri mwingine awe nayo.

Kuhusu fedha, jambo linalowashangaza wengi ni kwamba bajeti ambayo chuo hukukadiria, na ambayo ndiyo huweka ukomo wa msaada na mikopo, inamhesabu mwanafunzi peke yake. Mwenzi hamo, ingawa gharama za kulea mtoto zinaweza kuongezwa mkiomba. Wakati huohuo kipato cha mwenzi kinahesabiwa kwenye FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, na vyuo vingine hudai pia taarifa za wazazi kabla ya kutoa ruzuku zao, hata kama umeolewa na wazazi wako ng'ambo. Kwa wanaoanza kukopa kuanzia 1 Julai 2026, mkopo wa serikali kuu kwa masomo ya udaktari una ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla, na ule wa Grad PLUS uliokuwa ukiziba pengo umefungwa kwao. Pigeni hesabu zenu kwa mshahara ambao shemeji ameshaupata kwa barua, si anaoutarajia.

La mwisho ni Match, mfumo wa kitaifa unaowapangia wahitimu wa udaktari hospitali za mafunzo. Machi ya mwaka wa nne, Ijumaa ya tatu, utaambiwa utakapofanyia residensi, yaani mafunzo ya ubingwa baada ya chuo, ambayo huchukua miaka mitatu kwa tiba ya familia na hadi saba kwa upasuaji wa ubongo. Wanandoa wanaweza kuunganisha maombi yao iwapo tu wote wawili wanaingia kwenye Match hiyo, hivyo shemeji atakufuata popote utakapoangukia. Ndiyo maana nisingenunua nyumba sasa.

Jibu la 2

Mwanangu, mimi ni muuguzi mstaafu, nami nitaongezea la chanjo tu, kwa sababu ndilo lisilosubiri. Chuo kitadai uthibitisho wa kinga ya homa ya ini B. Chanjo ya kawaida ni dozi tatu katika miezi sita na wewe umebakiwa na minne, kwa hiyo uulize ile ya watu wazima ya dozi mbili zinazotofautiana mwezi mmoja. Ukipimwa kifua kikuu, waeleze kwamba ulichanjwa BCG na uombe kipimo cha damu, kwani kile cha ngozi kinaweza kuonyesha maambukizi yasiyokuwepo, nawe ukapelekwa kwenye eksirei bila sababu. Kama ulibadili jina baada ya ndoa, lisawazishe sasa, maana jina unalojiandikishia USMLE sharti lilingane na kitambulisho utakachokwenda nacho siku ya mtihani.

Wenye viza ya F-2, ile ya wenzi wa wanafunzi wa kigeni, wanaosoma haya wakumbuke kwamba hawaruhusiwi kufanya kazi, kwa hiyo hesabu zao ni nyingine kabisa.

Muulizaji

Asanteni, kaka na mama. Mume wangu amesoma yote mara mbili na ameshaandika barua ya kuomba orodha ya hospitali. Nyumba tuliyokuwa tumeitolea macho karibu na chuo tumeiacha kwanza. Nimeipata kadi yangu ya kliniki ya utotoni: BCG imo, homa ya ini B haimo. Dozi ya kwanza ni Jumanne.