Breka ilikuwa inaanguka, fundi kaweka kubwa, sasa soketi inanuka samaki

SusiTabata:
Wakuu habari za jioni. Nina saluni Tabata, fremu ya kupanga, mwaka wa 4 huu. Juzijuzi nimeongeza draya ya pili ya kukalia, na tangu hapo Jumamosi imekuwa tabu. Wateja wawili wako kwenye draya, msaidizi wangu ananyoosha mtu kwa draya ya mkono, birika la umeme linachemsha maji, basi baada ya dakika 20 hivi breka inaanguka. Mteja ana rola kichwani, jasho linamtoka, ananitazama kama nimemwibia.

Nikaita kijana mmoja. Akatoa breka iliyoandikwa 20, akaweka ya 40. Elfu 15, dakika 10, kaondoka. Kweli haijaanguka tena.

Sasa wiki ya 3 nasikia harufu ya samaki. Jirani yangu ni mama anayekaanga samaki, nikamfuata na maneno ambayo siyaandiki hapa. Akanijibu: "Mwanangu, leo sijawasha hata jiko." Kurudi ndani nikanusanusa hadi kwenye soketi iliyochomekwa ekstensheni. Plagi ya moto haishikiki, na soketi iliyokuwa nyeupe imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nibadilishe soketi tu, au kuna jingine?

kaka_wa_kona:
Dada, hizo ekstensheni za elfu 5 ndizo tatizo. Nunua yenye waya mnene. Soketi badilisha mwenyewe, ni skrubu 2 tu.

FundiBuguruni:
Kaka wa kona, usimtume mtoto wa watu kwenye soketi kwa skrubu 2. Hujui hata kama ukutani kwake laivu imepita kwenye swichi au nyutro.

Susi, kabla hujamaliza kusoma, nenda kazime meinswichi. Nimeshika nyaya miaka 26 na harufu hiyo naijua. Plastiki ngumu ya soketi na plagi ikiungua polepole inanuka samaki, wengine wanasema mkojo. Kamwombe radhi jirani.

Sasa hesabu. Soma wati zilizoandikwa mgongoni mwa kila chombo. Kwa kawaida draya ya kukalia ni kama wati 1,000, ya mkono 2,000, birika 2,000. Zako zote pamoja 6,000. Gawa kwa volti 230, unapata ampea 26. Waya wa soketi kwenye fremu nyingi ni wa 2.5 (unene, milimita za mraba), na breka yake ni ampea 20. Ukizidisha kidogo haianguki papo hapo, inapata joto taratibu, ndiyo maana ulikuwa unapewa dakika 20. Breka ile ilikuwa haiumwi. Kazi yake ni kuulinda waya uliofukiwa ukutani, draya haiihusu. Kijana alipoweka 40, sasa waya unabeba 26 mchana kutwa na hakuna wa kuuzuia. Mimi nikikuta breka kubwa kwenye waya mwembamba huwa sisubiri kusainiwa wala kulipwa, naanza kwa kuitoa.

Halafu ekstensheni. Nahisi birika na draya ya mkono vyote viko humo. Hizo ni ampea 17 kwenye plagi ya 13. Fyuzi ya 13 inaweza kuvumilia 17 muda mrefu bila kukatika, huku inachemka. Ikiwa na vyuma vya soketi vimelegea, joto linaongezeka palepale panapogusana. Ekstensheni yenye waya mnene haisaidii kitu, maana mzigo unapita kwenye soketi ileile.

Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akuoneshe leseni yenyewe. Mwambie mambo matatu: arudishe 20, draya za kukalia azivutie laini yao mpya yenye breka yake, na aangalie kama kuna RCD, ile yenye kitufe cha T. Saluni ni maji na umeme chumba kimoja. RCD ya miliampea 30 inakata umeme ukianza kuvuja kupitia mwili wa mtu. Lakini usijidanganye, hiyo haizuii mzigo mkubwa. Kila moja na kazi yake. Na erthi, waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini, aipime kwa kipimo, asiseme tu "ipo".

SusiTabata:
Shikamoo fundi. Nimezima. Umepatia, birika na draya ya mkono viko kwenye ekstensheni moja. Na je, ikishika moto mteja akiwa ndani? Aibu yangu: meinswichi iko nyuma ya kabati la rasta, nimesogeza maboksi 6 kuifikia.

FundiBuguruni:
Marahaba. Kabati liondoke kesho. Swichi hiyo msaidizi wako aifikie gizani bila kuuliza. Ukiona moshi: zima meinswichi, toa watu, usivute plagi ya moto kwa mkono. Maji usimwage. Mtungi wa kuzimia moto uwe wa unga au wa kaboni dayoksaidi, ukae karibu na mlango. Ukiuweka karibu na draya utashindwa kuufikia. Moto ukiwa umeshapanda, funga mlango, toka, piga 114. Mtu akinaswa, usimguse kabla hujakata umeme.

mpangaji_mwenzako:
Ongeza hapo: zimamoto waambie jina la kituo cha daladala na kitu kinachoonekana, msikiti, sheli. Mtaani kwetu gari lilizunguka kwa sababu kila mtu alisema "hapa karibu na kwa Mangi".

SusiTabata:
Mrejesho, wiki 2 baadaye. Fundi mwenye leseni amekuja. Nyuma ya soketi ganda la waya lilikuwa limekauka, alipolikunja likavunjika kama ganda la karanga. Amerudisha breka ya 20, draya za kukalia zina laini yao ya waya wa 4. Mwenye nyumba amekubali nikate nusu ya gharama kwenye kodi, baada ya kumpelekea ile soketi mkononi.

RCD haikuwepo, ameweka. Na hapo ndipo nilipochoka: erthi ya plagi ya draya ya zamani ilikuwa imekatika siku nyingi, fundi alipoiunga, kila tukiiwasha RCD inakata. Ya mpya haikati. Akafungua akakuta ndani waya unagusa bati. Kuna wateja walikuwa wananiambia "dada, draya yako inanitekenya sikioni", mimi nacheka nikidhani ni joto. Iko nje sasa, nimekata plagi yake asije mtu akaiokota akaiwasha.

Kwa jirani nilienda Ijumaa. Nikanunua vibua 6, akanipa 7, akaniuliza kama leo navyo vinanuka soketi.